Ushauri: timu iko mechi 2.5 nyuma ya nafasi ya mwisho ya mchujo, inunue au iuze kabla dirisha halijafungwa?

Mpira wa Ngozi

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa mnaoifuatilia besiboli ya Marekani kwa undani. Dirisha la kubadilishana wachezaji katikati ya msimu linakaribia kufungwa, na kila shabiki anataka timu yake inunue. Mimi nataka kuiona hesabu yenyewe inavyopigwa. Sitaji timu, maana nikiitaja tu nusu ya majibu yatakuwa ya ushabiki. Chukueni hii kama mfano, iko National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Imecheza mechi 105, imeshinda 54 na kupoteza 51. Imepata mikimbio (yaani alama) 462 na kuruhusu 471. Anayeshikilia nafasi ya tatu ya waildikadi, zile nafasi za mchujo kwa wasio mabingwa wa kanda, ameshinda 57 na kupoteza 49, na kati yetu na yeye kuna timu nyingine mbili. Mechi zetu na huyo wa juu zimeshaisha: tulishinda 2, akashinda 4. Warushaji wa kuanza wanaridhisha. Warushaji wa akiba wamechoka, isipokuwa wa kumalizia, ambaye ni hodari kweli na mkataba wake unaisha msimu huu, kwa hiyo timu nyingi zinamuulizia. Uwanja wa nje upande wa kushoto hatuna mtu kabisa.

Inunue, iuze, au itulie? Mchezaji mmoja anaongeza ushindi kiasi gani katika mechi 57 zilizobaki? Na ni wapi timu huwa zinajikwaa kwenye biashara hizi? Nawasilisha.

Daftari la Alama

Mkuu, namba zako zinatosha. Tuanze na pengo.

Unachukua tofauti ya ushindi, unaongeza tofauti ya vipigo, unagawa kwa 2. Yeye ana 57 na wewe 54, hiyo ni 3. Wewe umepoteza 51 na yeye 49, hiyo ni 2. Jumla 5, nusu yake 2.5. Lakini mwenye kuijua ligi huangalia zaidi safu ya vipigo. Mechi ambayo hujacheza bado unaweza kuishinda, ila kipigo kikishaandikwa hakifutiki. Kwa vipigo uko 2 nyuma, siyo 2.5.

Sasa shabaha. Tangu 2022 kila ligi inaingiza timu 6 kwenye mchujo: mabingwa 3 wa kanda na waildikadi 3. Kwa National League, Phillies waliingia wa mwisho 2022 kwa ushindi 87. Mwaka 2023 Arizona waliingia na 84, na wakafika hadi fainali. Mwaka 2024 Mets na Braves waliingia na 89, na Arizona mwenye 89 zilezile akabaki nje. Mwaka 2025 Reds walipita na 83. Kwa hiyo shabaha ni kati ya 83 na 89. Tuseme 86: kwenye mechi 57 unahitaji kushinda 32 na kupoteza 25, yaani asilimia 56. Hadi leo mnashinda asilimia 51.

Hapo ndipo mikimbio inapoingia. Zidisha mikimbio uliyopata kwa yenyewe, ukagawe kwa jumla ya hiyo na ya uliyoruhusu ikizidishwa vilevile. 462 mara 462 ni 213,444. 471 mara 471 ni 221,841. Ya kwanza gawa kwa jumla yao, unapata asilimia 49. Mara mechi 105, ni kama ushindi 51 na nusu. Ninyi mna 54. Maana yake mmeshinda mechi 2 au 3 zaidi ya zile ambazo mikimbio yenu inazistahili, na kwa kawaida ziada hiyo hutoka kwenye mechi za tofauti ya mkimbio mmoja. Ushindi wa namna hiyo hauna uhakika wa kujirudia Agosti na Septemba.

Swali lako la mchezaji mmoja ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake huwashangaza watu. Nyota anayeongeza ushindi 4 kwa msimu wa mechi 162, ukilinganisha na mchezaji wa kuokotwa ligi ya chini, katika mechi 57 anakupa 1.4 tu. Akichukua nafasi ya mtu ambaye naye alikuwa na thamani ya 1, faida yako ni 3 kwa msimu, yaani kama ushindi mmoja katika mechi zilizobaki. Basi angalia upande wa kushoto, mahali mnapopachika watu. Tuseme hapo mnapata hasi 1. Mleteni mchezaji wa kawaida tu, wa thamani ya 2. Kutoka hasi 1 hadi 2 ni 3. Faida ni ileile ya nyota, kwa chipukizi mmoja wa daraja la chini badala ya watatu wa juu.

Warushaji wapimwe kwa awamu, na mechi ina awamu 9. Wa akiba hurusha kama awamu 65 kwa msimu, kwa hiyo zimebaki kama 23. Akiwa bora kuliko aliyepo kwa mikimbio 2 kila awamu 9, anakuokolea mikimbio 5. Mikimbio 10 huhesabiwa kama ushindi mmoja, basi hapo umepata nusu ya ushindi, labda mara mbili yake kwa sababu anaingia mechi zinapobana. Wa kuanza atapanda kilimani, yaani mahali pa kurushia, mara 11, awamu tano na nusu kila mara, jumla 60. Akiwa bora kwa mkimbio mmoja na nusu kila awamu 9, ameokoa 10, ushindi mmoja.

Ukijumlisha mchezaji wa kushoto na mrushaji wa akiba, unaongeza ushindi mmoja na nusu. Unakusogeza ila haukubebi. Kwa hiyo usitoe chipukizi wenu bora kwa timu ambayo mikimbio yake inasema ni ya asilimia 49.

Tomahoki wa Georgia

Naunga mkono kwa mfano ulio hai: Atlanta 2021. Nyota wao wa uwanja wa nje, Ronald Acuña Jr., aliumia goti tarehe 10 Julai na msimu wake ukaishia hapo. Uwanja wa nje ukabaki wazi, na timu ilikuwa chini ya nusu ya ushindi, yaani imepoteza nyingi kuliko ilizoshinda. Wengi walitarajia wauze. Badala yake waliwachukua Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler, wote wa uwanja wa nje, wote kwa bei ndogo.

Tazama namna bei ilivyoshuka. Soler alikuwa anapiga .192 kule Kansas City, wastani mdogo sana. Rosario alikuwa majeruhi siku anachukuliwa, na Cleveland walimtoa kwa Pablo Sandoval, ambaye wenyewe walimwacha palepale. Hakuna aliyekuwa anagombania wachezaji hao. Atlanta hawakuvuka nusu ya ushindi hadi Agosti, wakamaliza na ushindi 88, idadi ndogo kuliko timu zote zilizoingia mchujo mwaka huo, wakachukua ubingwa. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, fainali kuu.

Mkuu, upande wako wa kushoto ndiyo Atlanta yako. Tafuta mpigaji mwenye jina, mwenye msimu mbovu, kwenye timu iliyokata tamaa. Halafu chungulia zaidi ya wastani wake wa kupiga: je, bado anaupiga mpira kwa nguvu ileile ya mwaka jana? Kama kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo haijashuka na ni mipira tu inayowaangukia walinzi wa uwanjani, huyo ni wa kuchukua. Kasi ikiwa imeshuka, mwache.

Mzee wa Milwaukee

Kijana, hilo la kuuza mrushaji wa kumalizia naomba ulifikirie mara mbili.

Tarehe 1 Agosti 2022 Brewers wa Milwaukee walikuwa wanaongoza kanda yao kwa mechi 3. Wakamtoa mrushaji wao wa kumalizia, Josh Hader, kwenda San Diego, wakapata Taylor Rogers, Dinelson Lamet, Robert Gasser na Esteury Ruiz. Lamet hawakukaa naye hata wiki, akachukuliwa na Colorado. Rogers hakuwa yule aliyetarajiwa. Brewers walimaliza na ushindi 86, Phillies 87. Mechi moja! Timu iliyokuwa inaongoza ikakosa mchujo kwa mechi moja, na waliopita badala yake wakafika World Series.

Hesabu ya Daftari ya mikimbio 5 ni sahihi kwenye karatasi. Lakini mrushaji wa kumalizia akiondoka, hakuna anayebaki mahali pake. Wa awamu ya nane anahamia ya tisa, wa saba anahamia ya nane, na yule ambaye hukumwamini hata timu ikiwa nyuma kwa mikimbio 6 sasa anaingia timu ikiongoza kwa 1. Umebadilisha kazi za watu watatu. Wewe mwenyewe umesema wa akiba wako wamechoka. Ukimtoa aliye mzima, hao wengine wanarusha siku tatu mfululizo, mabega yanakwisha, na Septemba huna mtu.

Bega la Kushoto

Shikamoo mzee. Naheshimu hoja yako, ila hadithi ya Hader haikuishia 2022. Esteury Ruiz ndiye aliyetumika Desemba ileile kwenye biashara ya timu tatu iliyomleta mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji) William Contreras Milwaukee. Brewers wakachukua kanda 2023, 2024 na 2025. Biashara ileile iliua msimu mmoja na kujenga mitatu. Ukiipima kwa Septemba 2022 ni kosa, ukiipima kwa miaka mitatu ni faida. Na Hader alikuwa na msimu mwingine mzima kwenye mkataba, ndiyo maana alileta watu wanne. Huyu wa mwenye uzi anaondoka baada ya miezi miwili, bei yake haiwezi kufika huko.

Mzee wa Milwaukee

Marahaba. Hilo la Contreras nalikubali. Lakini hakuna aliyekuwa na Contreras mkononi wakati Hader anapanda ndege. Ukiuza, uza kwa kile unachopewa siku hiyo, siyo kwa kile ambacho huenda mtu mwingine atakubadilishia baadaye.

Chui wa Michigan

Kuna kitu mnakisahau: kuuza mtu mmoja siyo kufunga msimu.

Detroit 2024. Tarehe 30 Julai walimtoa mrushaji wa kuanza Jack Flaherty kwenda Dodgers, wakapata mdakaji kijana Thayron Liranzo na shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) Trey Sweeney. Wakawatoa pia Mark Canha, Andrew Chafin na Carson Kelly. Tarehe 10 Agosti walikuwa 55 kwa 63. Mechi 44 za mwisho walishinda 31, wakamaliza na 86, wakaingia mchujo, wakawatoa Houston mechi 2 kwa 0 ugenini. Cleveland ndio waliowatoa, tena kwenye mechi ya tano.

Ilifanyikaje? Waliouzwa wote walikuwa watu wa kuondoka. Tarik Skubal, ambaye alikuwa mrushaji bora wa ligi na bado alikuwa na mkataba, hawakumgusa. Na Sweeney hakupelekwa kukomaa miaka miwili, Agosti ileile alikuwa anacheza timu kubwa. Kwa hiyo mkuu, ukimtoa mrushaji wako wa kumalizia, usiombe mtoto wa miaka 18 peke yake. Omba mmoja aliye tayari leo, ikiwezekana wa uwanja wa nje, kisha wa pili awe wa mbali. Umeziba kushoto kwa mkataba uleule uliokuwa unakwisha.

Daftari la Alama

Hiyo ya Chui ndiyo njia ninayoipenda. Ila iwe wazi, kasi ya 31 kwa 13 si ya kupangia mpango. Cha kuiga Detroit ni nani waliwabakiza na nini waliomba.

Chungwa na Buluu

Mimi nawaletea Mets wa New York, maana timu hii ina mfano wa kila aina.

2025: tarehe 12 Juni walikuwa 45 kwa 24, hakuna aliyekuwa juu yao ligi nzima. Kufikia dirisha wakanunua warushaji watatu wa akiba, Gregory Soto, Tyler Rogers na Ryan Helsley, na Cedric Mullins wa uwanja wa nje. Mrushaji wa kuanza hawakununua hata mmoja. Tundu lao likawa ni hapo hasa. Kodai Senga alirudishwa ligi ya chini Septemba, na wengine hawakuwa wanafika awamu ya sita. Sasa fikiria kinachotokea: wa kuanza akitoka awamu ya nne, unahitaji awamu 5 kutoka kwa wa akiba, kila siku. Hata ukinunua watatu wazuri, wanaungua. Helsley, aliyekuwa wa kumalizia St. Louis, alipigwa vibaya New York.

Siku ya mwisho Mets walifungwa 4-0 Miami. Reds nao walifungwa siku hiyohiyo. Wote wakamaliza 83 kwa 79, na Reds wakapita kwa sababu walikuwa wameshinda mechi 4 kati ya 6 walizokutana. Mechi ya 163 ya kuamua haipo tena tangu 2022. Mkuu, rudi usome ulichoandika: 2 kwa 4 na huyo aliye juu yako. Hiyo si takwimu ya pembeni. Mkilingana, umetoka.

Na msidhani nasema kununua ni kubaya. Mwaka 2015 Mets walikaribia kumchukua Carlos Gómez kutoka Milwaukee, biashara ikavunjika kwa sababu ya vipimo vya afya, huku Wilmer Flores aliyetakiwa kuondoka akionekana analia uwanjani mechi ikiendelea. Siku mbili baadaye wakamchukua Yoenis Céspedes wa uwanja wa nje kutoka Detroit. Alicheza mechi 57, idadi ileile uliyobakiza wewe, akapiga hom rani (mpira unaovuka uzio) 17. Mets wakafika World Series. Gharama yake: Michael Fulmer, aliyekuja kuwa mchezaji bora chipukizi wa American League 2016. Kununua kwa kweli kuna bei.

Karani wa Orodha

Mmeongea mpira, mimi niongee makaratasi, maana biashara nyingi hufia hapo.

Saa ya kufunga ni 12 jioni ya New York, kwa Afrika Mashariki ni saa 7 usiku kuamkia siku inayofuata. Tarehe hupangwa na kamishna kati ya 28 Julai na 3 Agosti. 2025 ilikuwa 31 Julai. Habari zikitoka saa 7 na robo usishtuke, mradi maombi yaliingia kabla ya saa ni halali.

Orodha ya watu 40, yaani wachezaji ambao timu inawamiliki kwa ajili ya timu kubwa. Kila unayemleta kutoka orodha kama hiyo ya timu nyingine anahitaji nafasi. Ikiwa imejaa, lazima mtu atolewe, na aliyetolewa anaweza kuchukuliwa na timu nyingine bure. Kwa hiyo kununua wawili kunaweza kukugharimu wanne: wawili uliowatoa kwenye biashara na wawili uliowaondoa kupisha. Njia ya kupumua ni majeruhi wa muda mrefu. Ukimweka mtu kwenye orodha ya majeruhi wa siku 60, hahesabiki kwenye 40. Lakini hiyo inarudi Novemba wakati orodha hiyo inafutwa.

Hapohapo kuna mlango wa mnunuzi mwerevu. Desemba kuna rasimu ya kuwapokonya chipukizi ambao timu zao hazijawaingiza kwenye 40. Waliosajiliwa wakiwa na miaka 18 au chini hulindwa misimu 5, wakubwa zaidi misimu 4. Timu yenye chipukizi wengi kuliko nafasi itawapoteza bure, basi iwauze Julai. Mkuu, kagua chipukizi wenu wanaofikia muda huo mwaka huu. Hao ndio wa kutoa kwa ajili ya mchezaji wa kushoto.

Opsheni. Muulize huyo mnayemtaka kama bado anaweza kushushwa ligi ya chini bila kupitia orodha ya kuachwa, ambako timu nyingine zinaweza kumchukua. Mrushaji wa akiba asiye na opsheni akiharibu, huwezi kumshusha akajirekebishe, utamweka benchi au umpoteze.

Haki ya kukataa. Mwenye miaka 10 ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa timu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Wengine wana orodha ya timu walizozikataa kwenye mkataba. Mwaka 2023 Detroit na Dodgers walishakubaliana juu ya mrushaji Eduardo Rodríguez, naye akakataa siku ya mwisho. Detroit wakabaki naye, na msimu ulipoisha akavunja mkataba, akaondoka bila wao kupata kitu. Jibu la mchezaji litafutwe mapema, si saa 11 na nusu jioni.

Fedha. Siku zilizobaki ni kama theluthi ya msimu. Mwenye mshahara wa milioni 15 anadai kama milioni 5. Timu inayouza inaweza kulipa sehemu, na kadiri inavyolipa ndivyo inavyodai chipukizi bora. Rangers wa Texas walipomchukua mrushaji Max Scherzer 2023, Mets walilipa kama milioni 35 za mshahara wake, ndipo wakapewa Luisangel Acuña. Walinunua chipukizi kwa fedha taslimu. Angalia pia kiwango cha kodi ya mishahara, milioni 241 kwa 2025 na 244 kwa 2026. Anayekivuka mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya ziada, mara ya pili mfululizo 30, ya tatu 50.

Na la mwisho ambalo wengi hawalijui: mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu hawezi kuwekewa ile ofa ya mwaka mmoja inayokupa nafasi ya rasimu (ya kuchagua chipukizi wapya) akiondoka. Ofa hiyo ilikuwa dola milioni 22.025 baada ya msimu wa 2025. Kwa mrushaji wa kumalizia ni fedha nyingi mno, timu nyingi hazithubutu. Maana yake mkimbakiza wenu na akaondoka, uwezekano mkubwa hampati kitu.

Kilima Kirefu

Karani, baada ya dirisha kufungwa hakuna njia kabisa? Zamani si kulikuwa na biashara za Agosti? Mrushaji Justin Verlander alikwenda Houston tarehe 31 Agosti 2017.

Karani wa Orodha

Ilifutwa 2019. Iliyobaki ni ya kuachwa tu: timu ikimweka mchezaji kwenye orodha ya kuachwa, mwingine anaweza kumchukua na mshahara wake uliobaki, bila kutoa mtu. Akiwa ndani ya timu mpya kabla ya 31 Agosti kuisha, anaruhusiwa kucheza mchujo. Akija Septemba, hapana.

Tazama Angels 2023. Walikataa kumuuza nyota wao Shohei Ohtani, wakanunua: tarehe 26 Julai waliwachukua Lucas Giolito na Reynaldo López kwa Edgar Quero na Ky Bush. Agosti ikawavunja, Ohtani akaumia kiwiko tarehe 23. Mwisho wa mwezi wakaweka watu sita kwenye orodha ya kuachwa. Cleveland wakawazoa Giolito, López na Matt Moore kwa mshahara tu. Angels walimaliza 73 kwa 89, Ohtani akaenda Dodgers, na Quero akaanza kudaka White Sox 2025.

Mpira wa Ngozi

Wakuu, asanteni sana, mmenifumbua macho. Nimekaa nikachora mpango, niambieni kama una tundu.

Kwanza, mchezaji wa kushoto wa kawaida, mwenye mkataba unaoisha, kwa chipukizi mmoja ambaye Desemba tungeweza kumpoteza. Hilo lifanyike wiki nzima kabla, ili tupate mechi 5 au 6 za ziada. Pili, chipukizi wetu wawili wa juu hawaguswi. Tatu, mrushaji wa kumalizia asubiri hadi siku mbili za mwisho. Tukishinda mechi 4 kati ya 6 za kabla ya dirisha, abaki. Tukishinda 2 au chini, aende, lakini kwa mtindo wa Chui: mmoja aliye tayari sasa. Tukishinda 3, hapo ndipo sijui.

Shabaha yangu nimeiweka 86, sawa na alivyopiga Daftari.

Mzee wa Milwaukee

Ukishinda 3, mbakize. Timu iliyochoka akiba haiwezi kuhimili pengo hilo.

Chui wa Michigan

Ukishinda 3, sikiliza ofa. Ukipewa mrushaji wa akiba aliye tayari mwenye miaka minne ya mkataba, ukakataa kwa ajili ya awamu 23, utajuta Novemba. Mwaka 2023 Texas walimchukua mrushaji wa akiba Aroldis Chapman kutoka Kansas City kwa Cole Ragans na kijana mwingine. Texas wakachukua ubingwa, hawana la kulalamika. Lakini Kansas City, waliokuwa wa mwisho kwenye kanda yao, mwaka uliofuata Ragans akawa mrushaji wao nguzo na wakaingia mchujo kwa ushindi 86.

Daftari la Alama

Mpango ni mzuri, ila shabaha ya 86 irekebishwe. Niliipiga kabla sijatilia maanani ile 2 kwa 4, na Chungwa na Buluu alikuwa sahihi kuikazia.

Mpinzani wako amebakiza mechi 56. Akienda mwendo wa chini kidogo ya alio nao sasa, ashinde 29 na kupoteza 27, anafika 86. Wewe ukifika 86 mmelingana, na mkilingana anapita yeye. Kwa hiyo kwako 86 ni sawa na kukosa. Unahitaji 87, yaani 33 kwa 24 katika mechi 57, asilimia 58. Na zile timu mbili za katikati bado hujatuambia rekodi yenu nazo. Kama mna mechi nazo Agosti, kila moja ina thamani ya mbili, unashinda na unamshusha. Zitafute kwenye ratiba kwanza, uone kama zinaangukia kabla au baada ya dirisha. Kama mechi zenu na timu mojawapo ziko ndani ya hizo 6 za majaribio, basi 3 kwa 3 dhidi yao si sawa na 3 kwa 3 dhidi ya timu ya mkiani, na hapo mrushaji wa kumalizia atakuwa amejiamulia mwenyewe.